Nimemwambia Saumu

Mishi, shoga yangu,

Nimemwambia. Naanza na hilo kwa sababu unanijua, sikuumbwa kuzunguka, na kwa sababu sitaki ulisikie kwa mwingine huko uliko kabla ya kulisikia kwangu. Lile uliloniapisha nisilifungue kwa kiumbe, nimelifungua kwa binti yako, kwenye mkeka wangu, baina ya adhuhuri na alasiri. Kafara ya kiapo nimeitoa. Nimepika sufuria kubwa ya pilau nikalisha maskini pale msikitini, na imamu aliponiuliza ni kiapo gani hicho nilichokivunja, nikamwambia hicho ni changu na Mola wangu. Alishtuka. Hakuzoea kuniona nina neno nisilolisema.

Ungecheka. Ulikuwa ukiniita Bi Kelele. Mimi niliyegombana na wanasiasa redioni mpaka wakanizimia kipaza sauti, niliyeandika gazetini mpaka mhariri akaomba nimpe mapumziko, nimekaa na siri yako kifuani miaka yote ile na haikunitoka hata usingizini. Hilo nipe. Halafu nisikilize lilivyotokea, usiniwekee kinyongo kabla.

Kwanza nikwambie ya siku yako, maana wewe hukuiona. Presha ilikuchukua asubuhi, na kabla ya alasiri tulikuwa tumeshakuosha. Niliingia mimi, kama nilivyokuahidi. Uliniomba jambo hilo kila homa ikikupanda. "Wewe ndiye utakayeniosha huku chini. Usimwache mwanamke mwingine." Uliyaogopa macho ya wanawake wa mtaa wetu wa Timbwani kuliko ulivyoliogopa kaburi. Basi sikiza. Ulifunikwa kitovu hadi magoti kama inavyotakikana, halikupita jicho la mtu, ni mkono wangu tu ndani ya kitambaa. Na mkono wangu haukukuta kitu, Mishi. Hapakuwa na kidonda wala kovu. Palikuwa na ngozi ya mwanamke aliyezaa mara moja na kufanya kazi sana. Nikalia, na wenzangu wakanishika mabega wakidhani ni uchungu wa msiba. Ilikuwa hasira. Uliishi ukikiogopa kitu ambacho hata waosha maiti hawakukiona.

Ulikuwa na malengelenge ya sehemu za siri. Haya, nimeandika. Hepesi, kama wanavyosema hospitalini. Neno limeandikwa na dari halijaanguka.

Nakumbuka ulivyonieleza, tumekaa uani kwako tukichambua mchicha. Saumu alikuwa bado yuko ziwani, ananyonya. Athumani alikuwa akiendesha malori ya kwenda Malaba, anakaa safarini, anarudi, anaondoka tena. Homa ikakushika, kukojoa kukawa moto, na ulipojitazama ukaona vipele vya maji vimejipanga. Ulimwambia yeye kwanza, kwa sababu alikuwa mumeo na hukujua mwingine wa kumwambia. Hakukuuliza unaumwa wapi. Alikuuliza neno moja: "Nani?"

Na wewe, uliyekuwa hujui hata sura ya mwanamume mwingine, ukakosa la kumjibu. Akachukua kimya chako akakifanya ushahidi. Talaka ikaja kwa upole, bila makelele, watu wakaambiwa hamkuelewana. Aliona haya naye. Ndiyo maana hakukutangaza, na kwa hilo tu namshukuru.

Halafu ukaenda zahanati peke yako, ukakutana na mtu aliyevaa koti jeupe, akakwambia huku akinawa mikono, "Kaa mbali na watu. Usichangie kitu na mtu." Maneno hayo aliyasema na kuyasahau kabla hujafika mlangoni. Wewe ukayafanya sheria ya nyumba yako.

Nilikuwepo nikaona. Ndoo ya kijani msalani, yako peke yako, na kata yake. Kikombe chako juu ya kabati, kimefunikwa na kisahani. Na leso zako. Ewe Mola, leso zako! Mwanamke wa pwani ambaye leso yake haiazimwi. Jirani akifiwa ghafla akapiga hodi apewe leso ya kujitupia, wewe unamtolea mpya ya dukani, ambayo haijashonwa pindo, na zako umezifungia sandukuni. Watu wakasema Mishi mkarimu, anatoa mpya. Wengine wakasema Mishi ana kiburi, hapendi vyake viguswe na watu. Mimi nilijua si ukarimu wala si kiburi, nikanyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi nisiyoiweza katika dunia hii.

Nilisoma kila nilichokipata. Nilikuletea karatasi, nikakusomea kwa sauti mlango umefungwa. Nilikwambia ugonjwa huu haukai kwenye leso. Haukai kwenye kikombe, wala ndoo, wala kiti cha choo. Unapita ngozi kwa ngozi, pale panapogusana, basi. Ukanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yako ile, ukasema, "Ahsante, shoga. Lakini nina mtoto." Ukarudi kufunika kikombe. Nimeshinda mijadala mingi na watu wenye vyeo, na kwako sikushinda hata mmoja.

Sasa nakuja kwa Bakari. Alikuja siku ya hitma yako, kutoka Miritini, amefunga duka lake la vipuri. Alikaa mwisho wa mkeka wa wanaume, hakula. Watu walipoanza kutawanyika alinijia pale kwenye ukuta, kofia mkononi. Unakumbuka alivyokuposa, ukakataa, akangoja, akakuposa tena, na wewe kila mara ukimwambia hutaki kuolewa, umechoka na wanaume? Aliniuliza, "Dada, niambie kweli. Alikuwa hanipendi?"

Nilikuwa na jibu lote mdomoni. Nilitaka kumwambia ulimpenda ukaogopa kumdhuru, ukachagua kulala peke yako kuliko kumtia ugonjwa, na hakuna daktari aliyekwambia kwamba watu wawili wakijua wanachokijua wanaweza kuishi vizuri tu. Nikakumbuka kiapo. Nikamwambia, "Alikupenda, Bakari." Akasema, "Basi kwa nini?" Nikamtazama mtu mzima yule, mvi zimemjaa kidevuni, nikamwambia, "Alikuwa na sababu, na sababu haikuwa wewe." Akavaa kofia akaenda zake. Siku ile nilikukasirikia, Mishi. Nilisimama kwenye ukuta wa nyumba yako nikakukasirikia na udongo wako ulikuwa haujakauka.

Ndipo akaja Saumu.

Unajua alikuwa ameshaposwa tena. Uliwahi kumwona Hamadi, yule fundi wa friji wa Kisauni, mrefu, anayesema polepole mpaka unataka kummalizia sentensi. Ulimpenda. Ulisema, "Huyu angalau anamsikiza." Baada ya ndoa ile ya kwanza ya Saumu, ile ya mwaka mmoja tuliyoiona wote ikivunjika, hukutaka kingine ila mtu wa kumsikiza. Harusi yao ilikuwa ingoje msiba utulie, halafu wafunge nikahi ndogo ya nyumbani.

Alikuja kwangu mchana, akabisha, "Hodi khalati, shikamoo," maana hunihesabu mamake mdogo. Nikamkaribisha, nikamwona amekonda uso. Nikamtilia chai. Akaniambia, hivi hivi, macho sakafuni, "Khalati, nataka umrudishie Hamadi mahari yake. Sitaki kuolewa."

"Kakufanyani?"

"Hajanifanya kitu."

"Mamake?"

"Hapana. Basi tu."

Nikaanza, unanijua. Nikamwambia hakuna basi tu, mtu haachi mume kama anavyoacha mchuzi, nieleze nijue ni nani wa kumfuata. Alimaliza chai yake, akainuka na kikombe, nikamsikia jikoni akikiosha, akakiosha tena, na maji ya moto kutoka kwenye birika. Akarudi akakiweka peke yake pembeni mwa kabati, amekifunika na kisahani. Akasema, "Hiki usikichanganye na vyenu."

Mishi! Nilikuwa nakuona wewe. Mkono ule ule, kisahani kile kile. Mtoto hakufundishwa ila aliona, na sasa amefikwa naye anafanya aliyoyaona, bila kujua alikuwa akiyaona kwa sababu gani.

Nikamuuliza, "Umeambiwa una malengelenge?"

Alinitazama kama nimemvua nguo. Alikuwa ametoka zahanati ya Changamwe wiki hiyo hiyo. Alikwenda huko mbali makusudi, avuke feri, asikutane na mtu wa kwetu Likoni. Vipele vilimtoka, akapimwa, akaambiwa, akapewa vidonge, akatoka mbio kabla daktari hajamaliza kusema. Hamadi hajamgusa hata mkono. Kwa hiyo alijiambia ni uchafu aliotoka nao kwenye ndoa ya kwanza, kwamba hana haki ya kumpelekea mtu mwema, kwamba bora aonekane kigeugeu kuliko aonekane hivyo.

Hapo palikuwa na njia mbili. Ningeweza kumsomea karatasi zangu, kama nilivyokusomea wewe. Nilijua mwisho wa njia hiyo, nilishaipita nawe miaka. Angesema ahsante khalati, akaenda kununua ndoo yake. Nikaona nikitunza kiapo chako nitakuwa nimekutunza wewe uliyekwisha kuzikwa na kumzika huyu aliye hai mbele yangu. Nikamwambia. Nikamwambia, "Mamako alikuwa nao. Tangu uko ziwani."

Nilitegemea kilio. Hakulia. Akauliza swali ambalo sikulitarajia kabisa:

"Ndiyo maana hakunifunika leso yake?"

Sikuelewa. Akanieleza. Alikuwa mdogo, darasa la pili au la tatu, homa ya malaria imempanda, anatetemeka. Alikuomba leso yako, ile uliyokuwa umejifunga, akalale nayo. Ukamwambia ngoja. Ukatoka mvuani, ukaenda kwa jirani kuazima leso, ukarudi umelowa, ukamfunika ya jirani. "Ilikuwa inanuka nyumba ya watu," akaniambia. "Nikalala nayo nikijiuliza nimemfanyia nini mama."

Alikua na swali hilo, shoga yangu. Ulimlisha, ukamsomesha, ukamshonea sare kwa mkono wako, na yeye akakua akidhani mamake anamwonea kinyaa. Wewe ulikuwa ukijiona wewe ndiwe kinyaa. Mlikaa nyumba moja, kila mmoja upande wake wa kosa lile lile, na mimi katikati nimefunga mdomo, nikijisifu kwa uaminifu.

Halafu ndipo akalia. Nikalia naye. Sikusema kitu, na hilo nataka uliandike mahali.

Tulirudi Changamwe pamoja, kwa sababu nilitaka amsikie daktari mpaka mwisho. Tukakaa kwenye benchi, watu wamejaa, wengine wametoka kazini kwenye mabohari, wengine na watoto. Mlango ukafunguliwa, muuguzi kijana akatoa kichwa akaita kwa sauti ya mnadani, "Yule wa malengelenge yuko wapi?"

Benchi zima likageuka. Saumu aliganda. Mimi nikasimama. Na buibui langu, na miwani yangu, na umri wangu huu, nikasema, "Abee! Ndiye mimi."

Mzee mmoja aliangusha fimbo yake, wallahi. Muuguzi akatazama faili, akanitazama mimi, akasema, "Mama, hapa nimeandikiwa miaka ishirini na saba." Nikamwambia, "Nimechakaa tu." Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akacheka mpaka akashika ukuta, na Saumu, binti yako, akacheka kwenye ushungi wake. Nilipita karibu na yule muuguzi nikamwambia chini chini, siyo kwa ukali, "Mwanangu, siku ukiugua wewe, ungependa uitweje mbele ya mwenye nyumba wako?" Akaona haya. Akasema, "Nisamehe, mama." Nikamsamehe. Nazeeka.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mtulivu. Nakuandikia alivyosema, kwa sababu ulistahili kuambiwa haya na mtu anayekutazama usoni.

Alisema wenye kirusi hiki ni wengi mno, na wengi wao hawajui, kwa sababu hakijawahi kuwatoa kitu au kiliwatoa kidogo wakadhani ni joto. Kinaweza kulala mwilini miaka bila ishara, halafu kikaamka mwili ukichoka, au ukizaa, au ukiwa na huzuni. Kwa hiyo kikitoka leo hakisemi kiliingia lini, wala kiliingia kwa nani. Hakuna kipimo kinachosema hivyo. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikafikiria swali la Athumani, neno lile moja, na jinsi lilivyokuwa halina jibu hata kwa waliosomea. Huenda alikuwa nacho yeye tangu ujana wake. Huenda wewe ulipewa naye usiku wa harusi. Huenda hakuna kati yenu aliyejua. Neno lile liliivunja nyumba, na lilikuwa swali la kipuuzi.

Alisema pia, na hapa hakupaka sukari, kwamba hatari ipo. Vidonda vikiwepo, au mtu akianza kusikia mwasho na kuchomachoma, mtu na mwenziwe wasikutane kimwili mpaka ngozi ipone kabisa. Hata bila kidonda kinaweza kupita, mara chache zaidi lakini kinaweza. Kondomu inapunguza sana, haizibi yote, kwa sababu haifuniki ngozi yote. Vidonge vya kila siku vinakituliza na kupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzio. Vidonda hivyo vinafungua njia kwa maradhi makubwa zaidi, UKIMWI ukiwa mmoja, kwa hiyo wapimwe wote wawili. Akipata mimba amwambie mkunga mapema, maana hatari kubwa kwa mtoto ni mama akikipata kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imekomaa, au akiwa na vidonda siku ya kujifungua, na hilo lina namna yake ya kushughulikiwa. Dawa ya kukiondoa kabisa haijapatikana. Hakizuii kuzaa, na siyo kitu kinachoua watu wazima wenye afya yao.

Halafu akamuuliza Saumu, "Unamjua mtu ambaye homa humtoka mdomoni kwa vipele?" Saumu akasema, "Nani asiyemjua?" Daktari akasema, "Basi ni ndugu wa hiki. Na huyo wa mdomoni anaweza kushuka chini, mnaelewa mnavyoelewa."

Hapo ndipo nilipowaka, na nimewaka tangu siku ile. Mtu akitokwa na kipele mdomoni tunamwonea huruma! Tunasema maskini, homa imemtoka. Anakwenda sokoni nacho, anaswalisha nacho, anabusu watoto wa watu nacho, na hapo ndipo pa kuwa na tahadhari, lakini hakuna aliyewahi kumpa mkewe talaka kwa kipele cha mdomo. Kikishuka shibiri chache tu kinakuwa hukumu. Aliyebadilika ni nani, kirusi au sisi? Wanawake wetu wanaachwa kwa hilo, wanaume wetu wanajificha kwa wauza mizizi, na wote wanaogopa kusema kabla ya kulala pamoja, halafu tunashangaa kinavyoenea. Kinaenea kwa ngozi, sawa. Lakini kinabebwa na aibu. Ingekuwa kila mtu anaweza kusema "leo sipo sawa, tungoje" bila kuitwa malaya, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha.

Nimepumua. Naendelea.

Nilitaka kwenda kwa Hamadi mimi mwenyewe. Nilishayapanga maneno, yana utangulizi na kila kitu. Saumu akanikatalia. "Khalati, ukienda wewe itakuwa mkutano wa hadhara." Akamwita aje barazani kwangu, mchana, nami niwe ndani kama heshima inavyotaka, kwa sharti kwamba nisitoke na nisikohoe. Nikakaa jikoni juu ya mbuzi nikikuna nazi ambayo sikuwa na haja nayo.

Alimwambia yote. Hakujipamba wala hakujitukana. Halafu nikamsikia Hamadi, na ule upole wake, akiuliza neno lile lile.

"Ni nani?"

Mishi, nilishika kifuu mkononi, nikawa tayari kukirusha. Lakini Saumu alimjibu: "Sijui, Hamadi. Daktari hajui. Aliyenipa huenda hajui. Mamangu aliulizwa hivyo akakosa la kusema. Mimi nakwambia sijui, na nakwambia kabla hujanioa. Wewe sema lako."

Akasema, "Nipe siku nifikiri." Akaondoka, chai haijafika nusu.

Zilikuwa siku mbaya. Simu haikulia. Nilimwona Saumu akizunguka nyumba, lakini kitu kimoja nilikiangalia: alikunywa kwenye vikombe vyangu vyote, akaviweka pamoja na vingine. Nikajua hata Hamadi asiporudi, hatujashindwa.

Alirudi. Alisimama mlangoni, nywele zina vumbi, mkoba wa vyuma begani. Alikuwa amekwenda kumwona daktari yule yule, bila kuambiwa na mtu, akaulizwa maswali, akauliza yake. Akamwambia Saumu, "Daktari kaniuliza kama homa hunitoka mdomoni. Nikamwambia tangu nikiwa chuoni nasoma juzuu. Akanicheka." Akakuna kichwa. "Sikujua kama nami ni wa ukoo huo." Kisha akasema aliogopa, na bado anaogopa kidogo, na kwamba heri aogope akijua kuliko aoe mtu asiyemwambia kitu. Akauliza, mbele yangu, maana nilishatoka jikoni na nazi mkononi, "Sasa siku ikikutoka tutalalaje?"

Saumu akamwambia, "Wewe upande wako, mimi wangu, na mto katikati. Na mto ukiusogeza nitamwita khalati."

Hamadi akaniangalia akasema, "Huo ni ulinzi tosha."

Nikamuuliza kama mamake ataambiwa. Akanijibu kwa heshima, lakini alijibu: "Hilo ni la chumbani kwetu, mama." Nikafungua mdomo nimweleze kwamba ni kimya hiki hiki kilichotufikisha hapa. Saumu akanishika mkono. "Khalati, mama alificha kwa sababu aliona haya. Sisi hatuoni haya, hatutaki tu watu kitandani kwetu." Nikafunga mdomo. Nimesoma vitabu vingi na hakuna kilichonionyesha tofauti hiyo waziwazi hivyo.

Barua hii ameniruhusu niwasomee watu, kwa sharti kwamba wewe usiwe Mishi na yeye asiwe Saumu. Basi hukuwa Mishi. Wewe utajijua.

Bakari sijamwambia. Saumu anasema atakwenda mwenyewe Miritini, baada ya harusi, kwa sababu ni mamake na ni haki yake kusema. Mimi nitabaki nyumbani, nimekula kiapo kingine.

Nikahi ni Ijumaa hii, inshallah. Leo mchana tumefungua sanduku lako. Leso zote zimo, doti kwa doti, umezikunja na udi kati yake, nyingine rangi haijapauka hata kidogo. Nilizichukua nizitie kwenye beseni, nizifue, nizianike, nimpe safi. Saumu alizitoa mikononi mwangu. Akachagua ile nyekundu yenye nakshi za korosho, ile uliyokuwa ukijifunga mvua zikinyesha. Upande mmoja akajifunga, wa pili akajifunika kichwa mpaka miguu, akalala kwenye mkeka wangu, jua liko juu, watoto wa jirani wanapiga kelele nje.

"Usizifue, khalati," akaniambia kutoka ndani ya leso.

Sizifui, Mishi. Nakuahidi. Ijumaa atafunikwa hiyo, na mtoto akija, atabebwa nayo. Lala salama, shoga yangu. Binti yako amelala ndani ya leso yako, na nilipoandika mstari huu alikuwa bado hajaamka.